Oili Haiponyi Ugonjwa wa Hewa: Mchanganyiko wa Mafuta Kwenye Chenso Kuukuu

Fungua eksozi ya chenso iliyonoki, kisha ichungulie pistoni kupitia tundu la kutolea moshi. Mara nyingi utakuta michirizi mirefu upande huo wa eksozi, alumini imejipaka ukutani mwa silinda, ilhali upande wa kabureta pistoni bado ni laini na alama za mashine ya kiwandani zinaonekana. Sasa vua silinda, pitisha kidole kwenye beringi za krenki. Kikitoka na utelezi, oili ilikuwepo. Mwenye chenso hakusahau kitu. Injini imekufa kwa joto, na mara nyingi joto hilo limetokana na hewa kuizidi petroli.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kwenye vijiwe vya wapasua mbao, chenso ikinoki jibu huwa moja: oili ilikuwa kidogo. Dumu linalofuata linachanganywa na oili mara mbili, halafu mara tatu, na baada ya muda pistoni ya pili inaungua palepale ilipoungulia ya kwanza. Ndani ya injini ya tustroki kuna michanganyiko miwili, nasi tunaizungumzia kana kwamba ni mmoja. Wa kwanza ni wa oili na petroli, na huo unapimwa kwenye dumu. Wa pili ni wa petroli na hewa, na huo unapimwa na kabureta. Huu wa pili ndio unaoua chenso nyingi zilizozeeka, na hakuna kiasi cha oili kinachoweza kuurekebisha.

Nitaichukua Stihl 070 kuwa mfano, maana ndiyo kongwe inayoonekana zaidi misituni kwetu. Ukoo wake ulianza mwaka 1959, kampuni hiyo ya Ujerumani ilipotoa Contra, msumeno wa mtu mmoja usio na gia, ambao mnyororo wake uliendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye krenki. 070 ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 ikiwa na injini ya cc 106. Ni mashine nzito, zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga bapa na mnyororo, na matoleo yake mengi hayana breki ya mnyororo, jambo ambalo kila anayeishika anapaswa kulikumbuka kabla ya yote. Lakini ina nguvu kubwa katika mzunguko wa taratibu, na hicho ndicho kitu mpasua mbao anachokitaka. Kwa hiyo bado inaunguruma Kongo, Uganda na Tanzania, na nakala zake za Kichina zimejaa madukani.

Kupasua si sawa na kuangusha. Anayeangusha mti hubana triga muda mfupi, anaachia, anazunguka shina, anabana tena. Anayepasua gogo la mvule au mkaratusi kwa urefu wake hubana triga mpaka mwisho na kuishikilia, dakika baada ya dakika, mnyororo ukila mbao kwa kufuata nyuzi. Injini haipati nafasi ya kupoa. Kasoro ndogo ya mchanganyiko ambayo mwangushaji angeishi nayo mwaka mzima, kwa mpasuaji inaweza kuimaliza injini kabla gogo halijaisha.

Tuanze na dumu. Injini hii haina sampo ya oili. Mvuke wa petroli, hewa na oili hupita kwanza kwenye kasha la krenki, chini ya pistoni, ndipo usukumwe juu kwenda kuchomwa. Petroli hupaa, oili hubaki nyuma ikipaka beringi, konrodi na ukuta wa silinda, na ziada yake huungua na kutoka na moshi. Misumeno ya miaka ya 1950 na 1960 ilidai oili nyingi, mingine 1:16 (sehemu moja ya oili kwa 16 za petroli) au 1:20, kwa kuwa iliyotumika ilikuwa oili ya kawaida ya injini, SAE 30 au 40, isiyotengenezwa kwa ajili ya kuungua. Oili za tustroki zilipoboreshwa, kiasi kilipungua hadi 1:25, baadaye 1:40, na leo 1:50. Stihl wenyewe wanaelekeza 1:50 kwa oili yao na 1:25 kwa oili nyingine ya tustroki ya daraja la TC. Kwa 070 inayopasua mbao mimi nashika mstari huohuo: kama oili siyo ile inayotajwa na kitabu cha maelekezo, weka 1:25 na usishuke hapo.

Hiyo 1:25 ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli, au 200 kwa lita 5. Na 1:50 ni nusu yake, mililita 20 kwa lita, 100 kwa lita 5. Kipimo kizuri kuliko vyote kinauzwa duka la dawa: bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Bomba moja kwa lita ni 1:50, mabomba mawili ni 1:25. Vifuniko vya chupa viache, kwa sababu havilingani, na mkono wa mtu aliyechoka haujazi kifuniko namna moja asubuhi na jioni. Dumu nalo lina hila yake. Dumu la mafuta ya kula la lita 5 likijazwa mpaka shingoni huchukua zaidi ya lita 5, kwa hiyo amini namba ya pampu ya kituo, usiamini ukingo wa dumu. Tangulia na oili, tia petroli nusu, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Kabla ya kujaza tangi la chenso tikisa kwa mara nyingine.

Kuhusu aina ya oili, alama ya kutafuta kwenye chupa ni ya JASO, mfumo wa Kijapani ulioanza mwaka 1994: FB ni daraja la chini, FC ina moshi mdogo zaidi, FD inasafisha zaidi injini inapokuwa na joto kali. FC au FD ikichanganywa 1:25 itaacha masizi machache kuliko FB kwa kiasi hichohicho. Pwani kuna mtego mwingine. Tangu Tanga hadi Kilwa oili iliyo rahisi kupatikana ni ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Silinda ya chenso inapozwa na upepo tu na hufika joto ambalo injini ya boti hailijui. Mvuvi aliye na chenso ya kuchongea mataruma anunue chupa mbili tofauti.

Sasa hesabu inayowageuka wanaozidisha oili. Lita moja ya mchanganyiko wa 1:50 ina petroli asilimia 98. Ya 1:25 ina asilimia 96. Ya 1:10, ambayo nimeiona ikichanganywa kwa nia njema kabisa, ina asilimia 91 tu. Tundu la kabureta halijui kilichomo ndani ya mafuta. Linapitisha ujazo uleule, na mafuta mazito yanapita hata polepole zaidi. Kwa hiyo aliyetoka 1:50 akaenda 1:10 bila kugusa skrubu ya kabureta ameipunguzia injini petroli kwa karibu asilimia 7, na hewa haikupungua. Injini iliyokuwa tayari na njaa ya petroli ameizidishia njaa. Juu ya hapo masizi yanaganda kwenye tundu la eksozi, ringi zinakwama kwenye mifereji yake, joto linakosa pa kutokea. Ndipo pistoni ya pili inapoungua, na mwenyewe anaapa kwamba oili ilikuwa ya kutosha. Anasema kweli.

Ubora wa petroli nao una sehemu yake. Mafuta ya taa yakiingizwa kwenye petroli hushusha oktani, mlipuko unatangulia wakati wake na kugonga kichwa cha pistoni. Kwa macho huwezi kujua. Uchakachuaji huu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta nchini Tanzania mwezi Septemba 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ipungue. Kwa chenso, petroli ya chupa za barabarani ni kamari. Tembea mpaka kwenye kituo.

Tugeukie kabureta, na hapa kuna jambo ambalo halipewi uzito wake: mwinuko wa nchi. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa karibu asilimia 18. Tuchukue chenso iliyosetiwa Njombe mjini, mahali palipo karibu na mwinuko huo, ikapasua misonobari bila shida yoyote. Mwenyewe anapata kazi Kilombero, anaipakia kwenye basi, anashuka Ifakara, chini ya mita 300. Kila mvuto wa pistoni sasa unaingiza hewa nzito zaidi, na kabureta haiongezi petroli ya kutosha kuifuata. Chenso itawaka vizuri, itakuwa na mlio mkali wa kupendeza, hata nguvu itaonekana kuongezeka. Mlio ule mkali ndio wa kuogopa. Baada ya magogo machache ya mti mgumu pistoni inakamata, na lawama inapewa oili ya Ifakara. Tiba ilikuwa kufungua kidogo skrubu ya H, ile ya mafuta ya mzunguko wa juu, kabla ya gogo la kwanza. Anayepanda kutoka bondeni kwenda mlimani anapata kinyume chake: chenso inakuwa nzito, inatoa moshi, inaguguma, lakini haifi.

Kuseti kwenyewe kunafanywa kwa sikio, na mtu yeyote anaweza kujifunza. Kabureta ya diaframu ina skrubu mbili za mafuta, L ya mzunguko wa chini na H ya mzunguko wa juu, pamoja na moja ya kushikilia sailensa, yaani mzunguko wa injini triga ikiwa imeachiwa. Funga L na H taratibu mpaka ziguse mwisho, usikaze, kisha fungua kila moja takriban mzunguko mmoja. Hapo ni pa kuanzia tu. Hakikisha kichujio cha hewa ni kisafi na mnyororo umenolewa, washa, acha injini ipate joto. Rekebisha L mpaka injini ikipewa mafuta ghafla iruke bila kusita, na sailensa ishuke hadi mnyororo usimame.

Halafu H. Shikilia triga mpaka mwisho kwa muda mfupi bila kugusa mti, na usikilize. Mchanganyiko ukiwa na petroli ya kutosha mlio hauwi laini. Unaguguma, unakatikakatika, kwa sababu petroli imezidi kidogo na baadhi ya mizunguko inapita bila kuwaka vizuri. Gusisha mnyororo kwenye gogo: mzigo ukiingia, kuguguma kunapotea na mlio unanyooka. Inua, kuguguma kunarudi. Hapo ndipo pake. Kama mlio ni mwembamba na mkali hata bila mzigo, fungua H kwa hatua ndogo, sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, mpaka kuguguma kuje. Kwa chenso ya kupasua ningeiacha upande wa petroli nyingi kidogo, hata kama inapoteza nguvu ya kuonekana. Petroli ya ziada hupoza silinda inapopaa, na mpasuaji anaihitaji baridi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Ila skrubu haiwezi kutibu kila kitu, na chenso yenye miaka mingi ina njia nyingi za kukosa petroli au kupata hewa ya wizi. Ya kwanza ni diaframu yenyewe. Kabureta hii haina boya. Ngozi nyembamba ya mpira hupigwa na mapigo ya shinikizo kutoka kwenye kasha la krenki na kuvuta mafuta kutoka kwenye tangi. Mpira ukizeeka hukakamaa. Itoe, ikunje polepole karibu na sikio: ikilia kama karatasi, imekwisha. Riparekiti ya diaframu na gasketi zake ni rahisi mno ukilinganisha na pistoni na silinda, na kwa chenso kuukuu isiyojulikana historia yake mimi huibadilisha kabla ya kuiseti.

Ya pili ni tangi kushindwa kuvuta pumzi. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na kitundu cha kuingizia hewa kikizibwa na unga wa mbao tangi linanyonya lenyewe. Dalili yake haikosei. Chenso inakata vizuri mwanzoni, kisha inakosa nguvu na mlio unapanda. Legeza kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikiingia kwa mfyonzo na injini ikarudiwa na nguvu, umepata. Kichujio kilichomo ndani ya tangi nacho kikiziba huleta dalili zinazokaribiana na hizo, lakini kulegeza kifuniko hakutasaidia.

Ya tatu, na ndiyo mbaya zaidi, ni sili za krenki. Mpira wa sili ukichakaa, kasha la krenki linavuta hewa pembeni bila kupitia kabureta. Achia triga: mlio unachelewa kushuka, unaning'inia juu, kisha unaanguka. Au chenso inaunguruma vizuri kwenye sailensa ikiwa wima, ukiilaza upande mmoja inapanda yenyewe. Fundi mwenye subira anaweza kuthibitisha kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Ziba njia ya eksozi na ya kabureta kwa vipande vya mpira, ingiza hewa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa chini, shinikizo lisizidi 0.5 bar, kisha paka maji ya sabuni kwenye sili, kwenye gasketi ya silinda na kwenye maungio. Povu litasema. Chenso inayovuja hapa haifai kuendelea na kazi hata siku moja. Kuzidisha petroli kwa skrubu ya H ili kufidia uvujaji ni kujidanganya, maana uvujaji hubadilika kila injini inapobadili mwendo.

Plagi husaidia kusoma hali. Kahawia hafifu ni afya, nyeupe ni hewa nyingi na joto, nyeusi yenye unyevu ni petroli au oili iliyozidi. Isome mara baada ya kukata kwa nguvu na kuzima ghafla. Plagi iliyokaa kwenye sailensa dakika kumi inasema habari za sailensa. Nafasi yake ni milimita 0.5. Zile 070 za zamani zinazotumia pointi zinataka milimita 0.35 hadi 0.4 kwenye pointi, na nyuso zake ziwe safi.

Joto nalo linahitaji njia ya kutoka. Mapezi ya silinda hujaa unga wa mbao uliolowa oili, na kwenye misonobari ya shamba la miti la Sao Hill utomvu unaugandisha mpaka unakuwa mgumu. Vua kava, yachokoe kwa kijiti cha mbao, mpaka uone mwanga kati ya pezi na pezi. Wakati eksozi imefunguliwa, pandisha pistoni juu ili ifunike tundu, kisha kwangua masizi kwa kijiti hichohicho, chuma kitachubua.

Mnyororo butu ni mzigo mwingine wa injini. 070 kwa kawaida hubeba mnyororo wa .404, na tupa yake ni ya milimita 5.5. Kwa kukata kukingama jino hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30. Kwa kupasua, nyuzi 10 zinatoa mbao laini zaidi na mnyororo unadumu. Kipimo cha kina kiwe milimita 0.8 chini ya jino. Ukiona unga badala ya maranda marefu, simama unoe. Na oili ya mnyororo isiwe ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari: ina chembe za chuma zinazokula pampu na bapa, na inamrukia mtu mikononi na usoni siku nzima.

Mafuta yaliyochanganywa yatumike ndani ya siku 30. Chenso ikienda kulala muda mrefu zaidi ya huo, kama wakati wa masika njia za msituni zinapofungwa, mwaga tangi, iwashe mpaka ijizime yenyewe kwa kukosa mafuta, ili diaframu isikae ndani ya petroli inayogeuka gundi. Toa plagi, dondosha oili safi ya tustroki kidogo ndani ya silinda, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi. Msimu ukirudi, changanya dumu jipya, na uisikilize H upya kabla ya gogo la kwanza.